Padri Labat: Hakuuleta utumwa Martinique, aliujengea nyumba

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa karne ya 19, mama wa kisiwa cha Martinique aliyetaka kumnyamazisha mtoto mtundu wakati wa usiku hakumtisha kwa simba wala fisi, kwani wanyama hao hawapo katika visiwa vya Karibi. Alimtajia jina la padri mmoja aliyefariki dunia miaka 150 kabla ya hapo, na kumwonya kuwa asiponyamaza padri huyo angekuja kumchukua.

Watu wazima nao walikuwa na hofu yao. Walipoona mwanga ukitembea gizani kwenye miteremko ya mlima Pelée, juu ya mji wa Saint-Pierre, walisema ni taa ya padri huyo huyo, ambaye roho yake haijapata pumziko. Mwandishi Lafcadio Hearn, aliyeishi kisiwani humo kuanzia mwaka 1887, alizikusanya simulizi hizo na kuzitia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1890.

Padri huyo ni Jean-Baptiste Labat, Mfaransa wa Shirika la Wadominikani. Miongoni mwa sababu walizozitoa wenyeji kueleza kwa nini roho yake inatangatanga ni kwamba yeye ndiye aliyeuleta utumwa kisiwani.

Historia inakataa madai hayo. Ufaransa iliitwaa Martinique mwaka 1635, na Waafrika walikuwa wameanza kulimishwa huko kwa nguvu kabla Labat hajazaliwa. Hata hivyo, simulizi za watu wa kawaida mara nyingi hubeba ukweli wa aina yake. Labat hakuuleta utumwa Martinique, aliujengea nyumba.

Nyumba hiyo ilikuwa kiwanda cha sukari, chenye kinu, majiko, maghala na safu za vibanda, kila kimoja kikiwa mahali pake kwa hesabu. Ni kazi hiyo iliyomfanya padri huyu kuwa mmoja wa watu mashuhuri katika historia ya visiwa vya Karibi, na ni kazi hiyo hiyo iliyofanya jina lake liogopwe na watoto.

Labat alizaliwa Paris mwaka 1663, wakati wa utawala wa Mfalme Louis wa 14. Alijiunga na Wadominikani akiwa kijana na kuweka nadhiri zake mwaka 1685. Kwa bahati, mwaka huo huo mfalme alitia saini Sheria ya Weusi, iliyopanga jinsi watumwa wa makoloni ya Ufaransa watakavyomilikiwa, watakavyolishwa, watakavyobatizwa na watakavyoadhibiwa.

Baada ya masomo alifundisha falsafa na hisabati katika mji wa Nancy. Pengine angemalizia maisha yake darasani kama isingefika barua kutoka visiwani, iliyoeleza kuwa maradhi yamewaua mapadri wengi na kwamba walihitajika watu wa kujaza nafasi zao. Labat alijitolea kwenda.

Alipanda meli katika bandari ya La Rochelle mwishoni mwa mwaka 1693 na kutia mguu Martinique Januari 1694, akiwa na umri wa miaka 30 hivi. Alipangiwa parokia ya Macouba, iliyoko kaskazini kabisa ya kisiwa, ambako alikaa takriban miaka miwili.

Ilidhihirika mapema kuwa Padri Labat hakuwa mtu wa kutulia kanisani. Alipenda kupima, kuchora, kufukua misingi na kuwauliza maseremala maswali. Mwaka 1696 alikwenda Guadeloupe, ambako ujuzi wake ulitumika katika ujenzi kwenye mali za shirika lake. Aliporudi alikabidhiwa usimamizi wa Fonds Saint-Jacques, shamba la Wadominikani lililoko Sainte-Marie, pwani ya mashariki ya Martinique inayopigwa na mawimbi ya Atlantiki.

Shamba hilo mapadri walilipata kwa hisani ya mjane wa du Parquet, aliyekuwa mtawala wa kisiwa, katika miaka ya mwisho ya 1650. Labat alilikuta likielemewa na madeni. Majengo yalikuwa yamechoka na uzalishaji ulikuwa duni. Kwa viongozi wa shirika, suala lilikuwa la fedha, kwa kuwa sukari ndiyo iliyolipia makanisa, safari na chakula cha mapadri. Kwa Labat, suala lilikuwa la ujenzi.

Ili kuelewa alichokifanya hapana budi kuelewa tabia ya muwa. Ukishakatwa, muwa hauvumilii kungoja. Usipokamuliwa kwa muda wa siku moja hivi, maji yake huanza kuchacha na sukari hupotea. Kwa sababu hiyo sukari haikuweza kutengenezwa mjini, mbali na shamba. Ilibidi kiwanda kijengwe katikati ya miwa yenyewe, na kazi ya shamba ifuate mwendo wa kinu.

Hivyo, karne moja kabla ya viwanda vya nguo vya Uingereza kuanza kutoa moshi, visiwa vya Karibi vilikuwa tayari na viwanda vyenye zamu za usiku, mgawanyo wa kazi na wanyapara. Tofauti ni kwamba wafanyakazi wake walikuwa wamenunuliwa.

Labat hakubuni kiwanda hicho. Maarifa ya kutengeneza sukari yalikuwa yamevuka bahari kutoka Brazil, hasa baada ya Waholanzi kufukuzwa huko mwaka 1654, na wakulima wa visiwa vya Kiingereza walikuwa wamekwisha kutangulia. Sifa ya Labat ni kwamba alikwenda kutazama kazi za wengine, akachagua iliyo bora, akaipanga upya na baadaye akaiandika. Alitembelea visiwa vya Wafaransa, vya Waingereza na vya Waholanzi, na mwaka 1700 alifika Barbados, kisiwa kilichokuwa mbele katika biashara hiyo.

Mpango wake ulianzia kwenye maji. Fonds Saint-Jacques kulikuwa na mto, nao ulichepushwa kwa mfereji hadi kwenye gurudumu la kinu. Mashamba yasiyo na mto yalitumia ng'ombe, farasi au nyumbu, na mengine yalitumia upepo. Lakini mnyama huchoka na upepo hukatika, ilhali maji, yakishaelekezwa vizuri, hufanya kazi usiku na mchana.

Moyo wa kinu ulikuwa magogo matatu ya mviringo yaliyosimamishwa wima na kuvishwa chuma. Gogo la kati lilizungushwa na gurudumu, nalo likayazungusha mawili ya pembeni. Mtu mmoja aliingiza miwa upande huu, na mwingine akaipokea upande wa pili na kuirudisha ipite tena, mpaka ikabaki makapi.

Kinu kilitakiwa kijengwe juu kidogo kuliko nyumba ya kuchemshia, ili maji ya miwa yateremke yenyewe kwa mchirizi bila kubebwa kwa ndoo. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililoamua eneo zima litapangwaje, kwa maana mteremko wa ardhi uliokoa mikono mingi.

Katika nyumba ya kuchemshia zilipangwa sufuria kubwa za shaba, tano au sita kwa mstari, kuanzia kubwa kuliko zote hadi ndogo kuliko zote. Kila moja ilikuwa na jina lake. Ya kwanza iliitwa Kubwa, iliyofuata Safi, na mbele yake kulikuwa na iliyoitwa Mwenge na iliyoitwa Shira. Maji ya miwa yalitiwa chokaa na majivu ili uchafu upande juu, yakaenguliwa povu, kisha yakahamishwa kwa upawa kutoka sufuria hadi sufuria, yakizidi kuwa mazito, mpaka yakafika ya mwisho, ambamo joto lilikuwa kali kuliko zote.

Safu hiyo ya sufuria ilikuja kujulikana kwa jina la Padri Labat, na ilitumika katika visiwa vya Ufaransa mpaka mashine za mvuke zilipoiondoa katika karne ya 19.

Midomo ya matanuri iliwekwa nje ya ukuta, chini ya kibanda cha pembeni, ili kuni, majivu na moshi visiingie ndani na kuchafua sukari. Juu, paa liliachiwa matundu ya kutolea mvuke. Jengo kwa hiyo lilitenganisha watu wawili waliofanya kazi moja bila kuonana, yaani mchochea moto aliyekuwa nje na mpika sukari aliyekuwa ndani.

Kutoka hapo shira iliyoanza kuganda ilimiminwa katika vyungu vyenye umbo la pia, vilivyotobolewa nchani. Vyungu hivyo vilipelekwa katika jengo refu la kuchujia na kuegeshwa juu ya mitungi, tundu likizibuliwa ili molasi nyeusi idondoke. Kisha juu ya sukari ulipakwa udongo mweupe uliolowana, na maji yake yakashuka taratibu yakiiosha sukari hadi ikawa nyeupe. Kazi hiyo ilichukua majuma kadhaa.

Ukubwa wa jengo hilo la kuchujia haukutokana na tabia ya muwa bali na sheria za ukoloni. Mwaka 1684 serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku kujengwa kwa viwanda vipya vya kusafisha sukari visiwani, ili kazi hiyo na faida yake vibaki katika miji ya Ufaransa. Wenye mashamba wakatafuta mlango wa nyuma. Sukari iliyooshwa kwa udongo haikuhesabiwa kuwa imesafishwa, lakini ilipata bei nzuri kuliko ile ghafi. Ndipo jengo la vyungu likarefuka, likawa miongoni mwa majengo makubwa kabisa shambani.

Mwisho wa safari ulikuwa mnara mnene wa kukaushia, wenye sakafu za mbao zilizoachana kwa nafasi na tanuri la chuma chini yake. Mabonge ya sukari yalikaushwa humo, kisha yakatwangwa na kujazwa katika mapipa. Povu na molasi navyo havikutupwa. Vilichachushwa na kukerezwa katika jengo jingine ili kupata pombe kali, mama wa ramu ya leo.

Labat hakuishia kwenye mitambo. Alieleza pia mahali pa kila mtu. Nyumba ya bwana ilipaswa kuwa juu ya mwinuko, upande unakotokea upepo, ili harufu na moshi visiifikie na ili macho yake yaone kinu, nyumba ya kuchemshia na njia za shambani. Vibanda vya watumwa vilipaswa kuwa upande upepo unakoelekea, kwa safu zilizonyooka, ili vikishika moto visiunguze kiwanda.

Katika mpangilio huo hakuna kuta za gereza, lakini hakuna pa kujificha. Mwinuko ulifanya kazi ya mnyapara. Upepo wenyewe, ambao Mungu huuvumisha kwa watu wote, uligawanywa, bwana akapata hewa safi na mtumwa akapata moshi.

Hesabu zake nazo zilikuwa za kina. Labat alipiga bajeti ya shamba lenye watumwa 120, akionyesha wangapi wawe kinuni, wangapi kwenye sufuria, wangapi wakate miwa, wangapi wachunge mifugo, na gharama ya chakula na mavazi yao kwa mwaka. Watoto, wazee na wagonjwa walikuwa na safu yao katika hesabu hiyo, kama vile mitungi iliyopasuka.

Hatari ya kinu aliijua vizuri. Kwa kawaida walioingiza miwa kati ya magogo walikuwa wanawake. Usiku wa manane, baada ya saa nyingi za kazi, usingizi ulipowachukua, vidole vilivutwa pamoja na muwa, kisha mkono, kisha mwili. Gurudumu la maji halisimami mara moja kwa kelele za mtu.

Labat alieleza jinsi wanawake hao walivyofanywa waimbe au wavute tumbaku ili wasisinzie, akashauri pia panga liwekwe karibu na kinu ili mkono ulionaswa ukatwe haraka kabla haujauvuta mwili mzima. Hayo aliyaandika kwa utulivu wa fundi anayeeleza matumizi ya kifaa.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kumhukumu mtu huyu. Hakuwa mjinga wa mateso aliyokuwa akiyasimamia. Aliyaona, akayapima, akayatafutia nafasi katika mpango wake. Mtu aliyeweza kuhamisha mdomo wa tanuri nje ya ukuta ili sukari isichafuke, hakuona haja ya kukisimamisha kinu usiku ili watu walale.

Ukatili wake haukuwa wa karatasi pekee. Mwaka 1698, mwanamke mmoja mtumwa wa Fonds Saint-Jacques alipokuwa mgonjwa, aliitwa mganga, naye pia Mwafrika, kutoka shamba la jirani. Mganga alipiga ramli na kutabiri kifo chake. Labat alimkamata, akaamuru afungwe na kupigwa viboko vipatavyo 300, kisha majeraha yake yakaoshwa kwa maji ya chumvi na pilipili. Kisa hicho hakikufichuliwa na adui yake, alikisimulia mwenyewe.

Wakati huo huo, ni yeye aliyeacha baadhi ya maelezo ya mwanzo na ya kina zaidi kuhusu maisha ya Waafrika wa visiwa vya Ufaransa, ngoma zao, chakula chao na lugha zao. Wanahistoria wanaotaka kujua watumwa wa Martinique walicheza nini na walikula nini mwaka 1700 hulazimika kumsoma mtu aliyewachapa.

Kwa upande wa fedha, Labat alifaulu. Shamba lililokuwa limezama katika madeni lilirudi kuwa chanzo cha mapato, naye akapewa jukumu la kusimamia mali za shirika lake visiwani. Serikali ya koloni nayo iliutumia ujuzi wake katika kazi za ngome.

Machi 1703 Waingereza, wakiongozwa na Gavana Christopher Codrington, ambaye familia yake ilikuwa na mashamba makubwa ya miwa, waliivamia Guadeloupe. Padri Labat alikuwa huko. Alisimamia uchimbaji wa mahandaki, akapanga mizinga na kushiriki kuipiga. Mabaki ya mnara alioujenga kwa ajili ya ulinzi yako Baillif, karibu na mji wa Basse-Terre, na yanaitwa kwa jina lake. Waingereza waliondoka mwezi Mei baada ya kuunguza mengi.

Vita hivyo vilikuwa vya mataifa mawili, lakini kwa pande zote mbili kilichogombewa kilikuwa kimoja, yaani ardhi ya miwa na watu wa kuilima. Katika Martinique ya miaka hiyo, watumwa walikuwa wamewazidi Wazungu kwa zaidi ya mara mbili, na pengo lilizidi kupanuka kadiri vinu vilivyoongezeka.

Mwaka 1705 Labat alisafiri kwenda Ulaya kwa shughuli za shirika, akitarajia kurudi. Hakurudi tena. Alipita Hispania, akapelekwa Italia na kukaa huko miaka mingi, hasa katika bandari ya Civitavecchia. Maombi yake ya kurejea visiwani hayakufanikiwa. Mwaka 1716 alirudi katika nyumba ya Wadominikani mjini Paris.

Akiwa mbali na vinu vyake, alijenga upya kiwanda chake kwa karatasi. Mwaka 1722 alichapisha safari zake za visiwani katika majuzuu sita yenye michoro ya mitambo. Kitabu kilichapishwa tena na kutafsiriwa kwa Kiholanzi na Kijerumani. Msomaji wa Paris alikifurahia kwa visa vya maharamia na mapishi ya ajabu. Mwenye mtaji aliyetaka kufungua shamba alipata humo vipimo, bei na mpangilio wa majengo.

Baada ya hapo aligeukia Afrika, bara ambalo hakuishi kamwe. Mwaka 1728 alitoa majuzuu matano kuhusu Afrika Magharibi, kwa kutegemea taarifa za Wafaransa waliofanya biashara Senegal, na mwaka 1732 majuzuu mengine matano kuhusu Kongo, Angola na Matamba, yaliyotokana na kazi ya mmisionari Mwitalia, Cavazzi. Kwa namna hiyo, mtu aliyewajua Waafrika kama hesabu ya nguvu kazi akawa mwalimu wa Wafaransa wengi kuhusu Afrika.

Labat alifariki dunia Paris tarehe 6 Januari 1738, akiwa na umri wa miaka ipatayo 74.

Mfumo aliousifia haukufa naye. Katika Bahari ya Hindi, Gavana Mahé de La Bourdonnais, aliyefika Ile de France, yaani Mauritius ya leo, mwaka 1735, alihimiza kilimo cha miwa na viwanda vyake. Visiwa hivyo vya Ufaransa navyo vilihitaji watu, na safari hii mkono ulinyooshwa hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka.

Miaka mingi baadaye, sukari ilipotawala uchumi wa Mauritius na Réunion katika karne ya 19, watu waliotolewa Kilwa, Msumbiji na Madagaska pamoja na vizazi vyao walikuwa miongoni mwa waliokata miwa na kuchochea matanuri. Kwa hiyo historia ya kiwanda cha sukari cha Mfaransa si habari ya mbali sana kwa mtu wa pwani hii.

Martinique, utumwa ulikomeshwa Mei 1848. Agizo lilikuwa limetiwa saini Paris Aprili 27 mwaka huo, lakini watumwa wenyewe waliinuka Mei 22 na kumlazimisha gavana kuutangaza uhuru kabla karatasi haijafika. Katika miongo iliyofuata, viwanda vikubwa vya mvuke, vilivyokusanya miwa kutoka mashamba mengi kwa reli, vilivifuta vinu vidogo vya maji na upepo. Vyungu vya udongo vilivunjwa, na sufuria za shaba zikawa vyombo vya kunyweshea ng'ombe au mapambo ya bustani.

Mwaka 1902 mlima Pelée, ule ule wenye taa ya Padri Labat, ulilipuka na kuuangamiza mji wa Saint-Pierre, ukiua watu wapatao 28,000. Simulizi nyingi za mji huo zilifukiwa pamoja na wasimulizi wake.

Fonds Saint-Jacques ilibaki. Si kila ukuta unaoonekana hapo uliwekwa na Labat mwenyewe, kwa kuwa Wadominikani waliendelea kujenga katika karne ya 18 baada yake. Lakini mpangilio unasomeka: mfereji unaoleta maji, mahali pa kinu, nyumba ya sukari, jengo refu la kuchujia, kanisa. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal cha Kanada walikitumia kama kituo chao, na baadaye majengo yakawa kituo cha utamaduni ambako hufanyika maonyesho, muziki na mikutano.

Majengo ya mawe yaliyotumika kutunza sukari yamestahimili vimbunga na matetemeko. Vibanda vya watu waliotengeneza sukari hiyo, vilivyojengwa kwa miti na majani, vimeoza zamani, na wataalamu wa mambo ya kale wamelazimika kuchimba ardhini kutafuta alama zao. Hata katika uimara wa vifaa, mjenzi alikuwa amekwisha kuamua nani atakumbukwa na nani atasahauliwa.

Jina la Labat nalo limechukua njia mbili. Limeandikwa kwenye chupa za ramu itengenezwayo kisiwa cha Marie-Galante, jirani na Guadeloupe, na mtalii hulinunua kama kumbukumbu ya padri mcheshi aliyependa kula na kunywa. Njia ya pili ni ile ya mama aliyemtisha mwanawe gizani.

Mama huyo hakuwa amesoma majuzuu sita wala hakujua mwaka ambao padri alishuka melini. Alikosea tarehe na akakosea chanzo cha utumwa. Lakini alijua jambo ambalo michoro ya kiwanda haikulionyesha, kwamba nyumba ile iliyopangwa kwa ustadi, yenye maji yanayoteremka yenyewe na upepo unaopoza baraza ya bwana, ilimeza watoto wa watu. Kwa karne mbili waliolijua hilo hawakuwa na kalamu, nao wakaliandika mahali pekee walipoweza, katika hofu ya usiku.